Wasomaji Wauliza: Kingamwili Zinapokataa Kushika

Maabara yetu hupokea maji ya kifuani ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na saratani. Tunazungusha sampuli, tunagandisha mashapo kuwa bloku, kisha tunapima TTF-1 na calretinin, protini mbili zinazotafutwa kwa kingamwili na kuonekana kwa rangi ya kahawia: ya kwanza huashiria saratani ya mapafu, ya pili seli za utando wa kifua. Mwongozo unataka slaidi zichemshwe kwa 95–98°C, dakika 20, kwenye bafa (kimiminika kinachodumisha kiwango cha asidi) ya pH 9. TTF-1 inatoka hafifu, hata kwenye slaidi ya kontroli, ile inayojulikana kuwa na protini hiyo. Tumebadilisha chupa ya kingamwili bila nafuu.
*Fundi wa maabara, Upper Hill*

Chupa mnaionea bure. Kontroli nayo ikififia, sampuli ya mgonjwa haina kosa; tazameni joto. Formalini huzifungamanisha protini, na antijeni, yaani protini ambayo kingamwili huishika, hujificha humo hadi moto uifungue. Sasa, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye 94°C hivi. Chombo kilicho wazi hakiwezi kufika 97°C hata kioo chake kiandike hivyo. Yeyote aliyehamia kutoka Mombasa na kungoja githeri iive bila presha analijua hili.

Tumbukizeni kipimajoto ndani ya kikasha chenye slaidi, si kwenye maji yanayokizunguka, maana kikasha huwa nyuma kwa nyuzi kadhaa. Bafa ipashwe moto kwanza, slaidi ziingie baadaye, na dakika zihesabiwe tangu joto linapotulia. Kisha ongezeni muda: jaribuni dakika 30, halafu 40, kwa slaidi za kontroli peke yake, mchague muda unaotoa viini vyenye rangi kali bila kuchakaza seli.

Njia iliyo bora, kwa maoni yetu, ni sufuria ya presha. Ndani yake joto hupita 110°C, kwa hiyo anzeni na dakika tatu tu baada ya presha kujaa. Mkishaitoa presha, acheni slaidi zipoe ndani ya bafa hiyo hiyo dakika 20. Zikitolewa zikiwa moto hukauka pembeni, na ukavu huo huleta ukahawia wa uongo.

Bloku za seli hubanduka kuliko nyama ya kawaida. Kateni mikromita 3 hadi 4, tumieni slaidi zilizotiwa chaji ya umeme ili seli zinate, mzikaushe kwa 60°C muda wa saa moja. Zikizidi kubanduka, punguzeni mchemko: mapovu ndiyo yanayozing'oa.

Jambo moja la kuwasaidia: maji ya kifuani kwa kawaida huja na seli za mesothelio, yaani za utando wa kifua. Hizo zinapaswa kushika calretinin kwenye kiini na kwenye saitoplazimu. Zisiposhika, msisaini majibu.

Slaidi nzima inageuka kahawia, hasa sampuli ikiwa na damu. Tatizo ni DAB, kemikali inayotoa rangi ya kahawia?
*Msomaji, Parklands*

Mara nyingi siyo. Chembe nyekundu za damu huichochea DAB zenyewe, kama kimeng'enya cha peroksidesi kinavyofanya. Tieni haidrojeni peroksaidi ya 3% kwa dakika 10, tena iliyotengenezwa karibuni, kwa kuwa iliyokaa huisha nguvu. Kisha tengenezeni slaidi moja isiyo na kingamwili ya kwanza, ile inayoshika protini inayotafutwa. Ikiwa kahawia nayo, hiyo peroksaidi ya kuzuia haikutosha au vitendanishi vya kuonyesha rangi vina kasoro. Ikiwa safi, kingamwili imekolea: jaribuni kuizimua 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400, mchukue kiwango cha chini kabisa ambacho kontroli bado inang'aa. (Kinyume chake, rangi ikipotea kabisa, ulizeni kama kuna aliyetia sodiamu azaidi kwenye bafa ya kuoshea. Huua peroksidesi.)

Tuna slaidi za kupakaza (seli zimepakwa moja kwa moja kwenye kioo) zilizohifadhiwa kwa alkoholi, bloku hakuna. Tuzitumie?
*Mwanafunzi wa patholojia, Ngara*

Mnaweza, ila kontroli nazo ziwe seli zilizohifadhiwa kwa alkoholi. Kontroli ya formalini haithibitishi chochote hapo, kwani alkoholi haifungamanishi protini kwa namna ile. Protini ya S100 huweza kuvuja na kuonekana haipo. ER na HER2, vipokezi vinavyopimwa kwenye saratani ya matiti, zinahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu vigezo vyake vimejengwa juu ya formalini ya 10% yenye bafa, saa 6 hadi 72. Kama maji bado yapo kwenye friji, tengenezeni bloku leo.