Nataka gitaa la achitopu la kupigia jazi: niliamini jina gani?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimepiga gitaa la umeme lenye mwili mzito usio na uwazi kwa miaka mingi, na sasa jazi imenishika. Nataka achitopu, lile gitaa lenye uso uliotuna na matundu ya herufi f. Kila nikitafuta nakutana na majina tele: Gibson, Eastman, Ibanez, D'Angelico, Epiphone, Godin, Heritage, na mafundi wanaotengeneza moja moja kwa oda. Kinachonichanganya ni kwamba jina lilelile lina gitaa la bei ya chini na jingine la bei mara kumi yake. Zipi ni nzuri kweli? Na je, nimwendee fundi binafsi?

Jibu: Ndugu msomaji, ahsante kwa swali. Majina nitakupa, lakini kwanza tuangalie kinachofanya jina moja liwe na bei mbili. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye uso wa gitaa, ubao ule wa juu uliotuna. Kabla ya kuuliza nani kalitengeneza, uliza uso wake umetengenezwaje.

Njia ya kwanza ni kuchonga. Fundi huchukua vipande viwili vinene vya mbao ya sprusi, huviunganisha, kisha huvichonga nje na ndani mpaka vipate tumbo na unene unaopungua kuelekea pembeni, kama fidla inavyotengenezwa. Sehemu kubwa ya mbao huishia sakafuni ikiwa mabanzi, na kazi huchukua muda mrefu. Hivyo ndivyo Orville Gibson alivyoanza kule Kalamazoo, Michigan, mwishoni mwa karne ya 19, na kampuni iliyobeba jina lake ikatoa gitaa la L-5 mwaka 1922, chini ya fundi wake Lloyd Loar, ikiwa na matundu ya herufi f badala ya tundu la duara. Uso uliochongwa huitikia kidole papo hapo na hutoa sauti kubwa bila amplifaya. Freddie Green alipiga ridhimu katika bendi ya Count Basie kwa magitaa ya aina hiyo, bila umeme, katikati ya tarumbeta na saksafoni.

Njia ya pili ni kuchukua ubao mzima mwembamba, kuupasha joto na kuukandamiza kwenye kalibu mpaka utune. Utaikuta kwenye magitaa mengi ya bei nafuu ya zamani. Mengine yana sauti tamu kavu, ila angalia kama uso umeanza kuzama.

Njia ya tatu ni plaiwudi, yaani tabaka nyembamba za mbao zilizobanwa pamoja kwa gundi, na hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu wauzaji wengi hulitaja neno hili kama tusi. Si tusi. Gibson ES-175, iliyotoka mwaka 1949, ina uso wa plaiwudi ya mepuli. Ndilo gitaa la wapiga jazi Joe Pass, Jim Hall na Pat Metheny kwa miaka mingi. Ile sauti nene, ya giza, inayokatika mapema, ambayo huenda ndiyo iliyokuvuta kwenye jazi, kwa kiasi kikubwa ni sauti ya plaiwudi. Ubao wa tabaka hautikisiki kirahisi, kwa hiyo ukiongeza sauti ya amplifaya hauanzi kuvuma wenyewe. Uso uliochongwa ukiwekwa karibu na spika, jukwaani penye ngoma, unaweza kukusumbua usiku kucha.

Sasa turudi kwenye majina. John D'Angelico alikuwa fundi wa New York aliyefariki mwaka 1964, akiwa ametengeneza magitaa elfu moja na ushei tu maishani mwake, karibu yote ya kuchongwa. Magitaa mapya yenye jina hilo karibu yote ni ya kiwandani, yametengenezwa Asia, na mengi ni ya plaiwudi. Ni ala za kupigika kabisa, lakini hayana undugu na yale ya mzee zaidi ya mtindo wa kichwa cha shingo. Epiphone nayo ilikuwa ya familia ya Stathopoulo, washindani wakali wa Gibson miaka ya 1930, mpaka wenye Gibson walipoinunua mwaka 1957. Ibanez wana mfululizo wa Artcore wa bei nafuu, na wana pia magitaa ya mpiga jazi George Benson ya daraja la juu kabisa. Ndiyo maana nasema soma modeli, wala usiishie kwenye nembo.

Kwa mtu anayetoka kwenye gitaa la umeme kama wewe, na ambaye nadhani atapiga na bendi, ningeanza na plaiwudi bila kusita. Ibanez za familia ya AF ni kazi safi kwa bei yake, na shingo zake hazitakushangaza. Godin ya Kanada ina 5th Avenue, nyepesi, yenye mwili wa mcheri wa tabaka. Ile yenye pikapu (kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya) moja ya aina ya P-90 ina ukali mzuri wa kizamani. Eastman AR371 imefuata nyayo za ES-175 waziwazi, na kwa maoni yangu ni ununuzi mzuri kuliko nyingi za kundi lake. Usipuuze pia magitaa ya Japani ya miaka ya 1970 na 1980, ya Aria Pro II na Ibanez, yaliyotumika. Ufundi wa viwanda vile ulikuwa wa hali ya juu sana, na mengi bado yamenyooka.

Kama utapiga zaidi ukiwa peke yako, au wawili na mwimbaji, basi nenda kwenye uso wa kuchongwa. Eastman ilianzia China mwaka 1992 ikitengeneza fidla, na unaliona hilo kwenye AR805 na AR810: nyuso za sprusi na migongo ya mepuli zilizochongwa kwa mikono, kwa bei ambayo zamani isingekupatia kitu cha namna hiyo. LH-600 ya kampuni ya The Loar inaiga L-5 ya kale, inang'ata, na shingo yake ni nene; ijaribu kwanza mkononi. Juu ya hapo kuna Heritage. Gibson walipofunga kiwanda cha Kalamazoo mwaka 1984 na kubaki Nashville, wafanyakazi kadhaa wa zamani walibaki na kuanzisha kampuni yao mwaka uliofuata kwenye majengo yaleyale. Modeli yao ya Eagle, ikipatikana imetunzwa, ni gitaa ambalo ningekuwa radhi kuweka jina langu chini yake.

Angalia pia pikapu imekaa wapi. Ikiwa imezamishwa kwenye uso, uso umekatwa na kubebeshwa uzito, hivyo tegemea sauti ya umeme zaidi. Ikiwa inaning'inia kwenye ncha ya shingo au kwenye kinga ya kidole (kile kibao kinachokinga uso usikwaruzwe) bila kugusa uso, mbao imeachwa huru. Kulipia uso uliochongwa vizuri kisha kuutoboa ili kuweka pikapu inafaa kwa anayejua anachotafuta, kama mpiga jazi Wes Montgomery na L-5 yake ya umeme. Kwa anayeanza naona ni gharama isiyo na faida.

Kuhusu fundi binafsi: wapo wakubwa. James D'Aquisto alijifunza kwa D'Angelico na akaendeleza kazi mpaka alipofariki mwaka 1995. Kuna Bob Benedetto, John Monteleone, Mark Campellone, na Linda Manzer wa Kanada aliyemtengenezea Metheny. Wapo na wasiojulikana sana ambao ni hodari. Ila nakushauri usianze huko. Fundi atakuuliza upana wa mwili, unene wa shingo, urefu wa uzi, na mtu ambaye hajawahi kuishi na achitopu hana majibu hayo. Piga gitaa la kiwandani mpaka ujue kinachokukera.

Siku ukimwendea, uliza ametengeneza achitopu ngapi, maana fundi bora wa gitaa bapa la kawaida anaweza kuwa mwanafunzi kwenye uso wa kuchonga. Omba kupiga gitaa lake lenye umri wa miaka kadhaa, ambalo nyuzi zimeshalivuta. Picha za mepuli yenye mawimbi ya kupendeza zisikupumbaze, kwa kuwa mawimbi hayo hayakuambii lolote kuhusu sauti. Makubaliano ya malipo, muda na dhamana yaandikwe.

Kwenye ukaguzi, iwe jipya au la zamani, tazama kwanza daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso. Kwenye achitopu daraja halijagundishwa, limeshikiliwa na nyuzi tu, kwa hiyo miguu yake lazima ilale sawasawa na mviringo wa uso. Ukiona mwanga unapita chini ya mguu, sauti nyingi inapotelea hapo. Ni kasoro ndogo inayorekebishika, na magitaa mengi mazuri hudharauliwa kwa ajili yake. Daraja likiwa limeshushwa mpaka chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, tatizo ni pembe ya shingo, na hilo ni gharama kubwa. Tumbukiza kioo kidogo na taa kwenye tundu la f uangalie kama mihimili, yaani vijiti vya ndani vinavyouimarisha uso, imeachana nao. Kwa gitaa la miongo mingi chunguza kinga ya kidole na ukanda wa pembeni wa seluloidi: ikioza, hewa yake hula metali zilizo karibu, na ukiona kutu ya kijani kwenye vifaa vilivyo jirani nayo, bei ishuke au uondoke.

Ukubwa ni jambo dogo. Mwili wa inchi 16 na uzi wa inchi 24.75, kama wa ES-175, utakukalia vizuri. Inchi 17 na 18 zina besi pana lakini bega litachoka mwanzoni.

Kabla hujalipa, hakikisha limefungwa nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe laini wa metali) zinazoanzia unene wa 12, au 11 kama vidole vinagoma. Ukilijaribu na nyuzi nyembamba za 9 ulizozoea, uso hautapata uzito wa kuutikisa na utalikataa gitaa zuri bure. Lipige kwanza bila amplifaya, taratibu, noti moja moja kutoka uzi wa besi hadi freti ya kumi na mbili, ukisikiliza kama kuna noti inayozama au inayopiga kelele kuliko jirani zake. Kisha ndipo uchomeke waya.