Usisubiri msiba ndiyo umkumbuke injinia wako

Kijana mmoja aliyemaliza uhandisi mwaka jana ameniandikia: "Kaka, hawa mainjinia wazee hawafundishi, wanafoka tu. Nifanyeje?" Ujumbe ulinikuta kwenye basi, natoka Rombo kumzika injinia aliyenilea kazini. Nilitaka kumjibu kwa hasira. Nimesubiri wiki mbili, imepungua, ingawa haijaisha.

Nami nilikuwa kama yeye. Mwaka 2012 nilikuwa na shahada mpya, kofia nyeupe, na daftari la mafunzo ya vitendo ya miaka 3 ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambalo yule mzee ndiye aliyekuwa analisaini. Tulikuwa tunapandisha ghorofa nne Dar es Salaam. Siku ya kumwaga slabu ya kwanza aliniachia saiti asubuhi. Zege likawa zito, vijana wa karai wakalalamika, fundi akaniomba tuongeze maji kidogo. Nikaruhusu. Kwa mchanganyiko wetu, mfuko wa kilo 50 ulitaka maji lita 25 hivi. Sisi tukawa tunapima kwa jicho.

Mzee alifika saa nne. Hakufoka. Aliagiza koni, ile ya chuma yenye kimo cha milimita 300. Unaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma fimbo mara 25, unainyanyua, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Letu halikutakiwa kuzidi milimita 75. Lilitandaa kama uji wa mgonjwa. Akasimamisha kazi.

Hapo ndipo nikaropoka, mbele ya mafundi wote: "Mzee, zege halilali! Mambo ya vitabuni yanatuchelewesha." Mimi, niliyekuwa na vitabu vitupu kichwani, namwambia hivyo mtu aliyezeekea saiti.

Akanitazama. "Sawa, halilali. Ila hili mmelinywesha mpaka limelewa."

Watu wakaangua kicheko. Nilinuna siku tatu.

Lile zege tulilizoa likiwa bichi, lakini kwanza alinitaka nijaze kyubu sita, yale maboksi ya zege ya kupimia nguvu yake, nizitunze kwenye maji: tatu zivunjwe siku ya 7, tatu siku ya 28. Tulihitaji nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba. Siku ya 28 zilivunjika kwenye 14. Maji yaliyozidi hukauka na kuacha vitundu ndani ya zege, na vitundu havibebi ghorofa. Karatasi ya maabara aliniachia mezani niisome mwenyewe, hakusema neno. Kwenye daftari langu aliandika, "Amejifunza maji," akasaini.

Kisha ikaja Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, ghorofa likaporomoka mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji. Watu 36 walikufa. Sisemi maji ndiyo yaliyoliangusha, ila mimi nilizikumbuka kyubu zangu. Jioni ile nikampigia mzee simu ili nimwombe radhi. Tukazungumza habari za waliofukiwa, nikakata bila kulitaja langu.

Basi mdogo wangu, uliza. Akifoka, uliza. Akinyamaza, uliza tena, maana mwenzako anaweza kuwa anafundisha kwa kunyamaza na wewe unasubiri mhadhara. Siku hizi mnapiga picha na kofia mnarusha mtandaoni, na koni ipo stoo imejaa misumari! Nimeiona kwa macho yangu. Tangu mwaka ule kyubu yangu haijawahi kufeli hata moja, na sioni haya kujisifu, kwa kuwa sifa yenyewe ni ya mzee. Na kama umemkosea mkubwa wako, kamwombe radhi leo, usimpange wa kesho.

Mimi nilimpanga wa kesho. Alistaafu, akarudi kwao, na kila Desemba nikawa nasema nitapita kumsalimia. Habari za kifo chake nilizikuta kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya matangazo ya viwanja.

Pale kaburini, kwaya ikiimba, vijana walikuwa wanakoroga zege la kufunikia, chini tu, kando ya migomba. Mmoja akainua ndoo nzima aongeze maji. Nikamshika mkono.

"Kwani wewe ni nani wa marehemu?" akaniuliza.

Nikavua koti, nikamwomba koleo.