Mjusi wa Tendaguru na kiingilio cha Berlin

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu akipata siku chache katika mji wa nje ya nchi, azimalizie kwenye makumbusho na majengo ya kale, au atembee mitaani na sokoni aone watu wanavyoishi? Mimi ni wa Iringa, na jibu lilinijia kabla sijamaliza kusoma: mitaani. Makumbusho makubwa ya Ulaya yamejaa mali za watu wengine. Ukitoka huku kwetu ukalipa kiingilio kwenda kuzitazama, umetozwa mara mbili.

Wengi wetu hapa tumepelekwa makumbusho ya Kalenga tukiwa shule ya msingi. Tumeliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya kioo na tunajua lilikopita. Alijipiga risasi Mlambalasi Julai 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini lilirudi 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolitoa makumbusho ya Bremen. Aliyekua na habari hiyo haingii makumbusho ya Ujerumani kama anayeingia bustanini.

Hata hivyo nimeingia. Tulikwenda Berlin na ujumbe wa usharika, na siku ya mapumziko wenyeji wakatuuliza tunataka kuona nini. Mama mmoja wa kwaya, mtu wa Njombe, akasema palepale: “Tupelekeni kwa mjusi.” Hakuna aliyeuliza mjusi gani. Wabunge wa kusini wameshamdai sana bungeni.

Yuko Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, ukumbi wa mbele kabisa. Ni mifupa ya dinosaria, mnyama mkubwa wa kale aliyetoweka; wataalamu wanamwita Giraffatitan. Amesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, shingo imenyooka kuelekea paa la kioo. Mama wa Njombe aliweka pochi chini, akainua kidole akaanza kuhesabu mifupa ya shingo mmoja mmoja. Alipochoka akasema, “Watu walimbeba huyu kichwani.” Ni kweli. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ilichimbwa Tendaguru, kilima cha huko Lindi, ikafungwa vizuri, na wapagazi wakaibeba kwa miguu mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Na hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, kusini kukiwa bado hakujapona njaa iliyoletwa na vita hivyo.

Karibu nasi alikuwepo babu mmoja Mjerumani na mjukuu wake. Mtoto alisikia tukitaja Tendaguru, jina alilotoka kulisoma kwenye kibao. Babu akamuuliza mwenyeji wetu sisi ni watu wa wapi, na tangu hapo mtoto hakunyamaza. Walibeba na gari? Hapana, kichwani na mabegani. Hata huu wa paja? Hata huo, vipande vipande. Nani aliwaongoza wachimbaji? Nikamtajia Boheti bin Amrani, msimamizi wa vibarua na fundi mkuu wa kuandaa mifupa, ambaye mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mtoto akawa analirudia: Boheti, Boheti. Kisha akauliza, “Na kwenu amebaki mwingine kama huyu?” Mwenyeji wetu alisita kidogo kabla ya kututafsiria. Mama wa Njombe akaniwahi: “Mwambie kwetu yamebaki mashimo, na sisi tunaokumbuka.” Babu akatoa kalamu, akaomba tumwandikie Lindi na Boheti nyuma ya tiketi yake.

Nikiandika haya naona jibu langu la mwanzo linalegea. Tungekwenda sokoni siku ile, tungerudi na soksi za bei nafuu, na mtoto yule angerudi kwao akijua Tendaguru ni neno la kwenye kibao tu.

Basi nendeni makumbusho. Lakini chagueni moja, si matatu kwa siku; anayepita mbio akipiga picha ni afadhali abaki mitaani. Tena mtu asiende Berlin kabla hajafika Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Ruaha, wala kabla hajaona zana za mawe za watu wa kale pale Isimila, huku huku Iringa. Bila hayo hata mimi nisingekuwa na la kumjibu yule mtoto. Na kwenda kumtazama mjusi si kukubali abaki kule. Madai ya wabunge yaendelee.

Kuhusu kiingilio sijabadilika. Anayetoka katika nchi ulikochimbwa mfupa asitozwe hata senti, na hilo balozi zetu zinaweza kulidai wakati hayo makubwa yakijadiliwa.