Mapaja yangu yana vishimo, ni sumu mwilini?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, nipo Tanga. Mimi ni mwembamba tu, kilo 54, ila nyuma ya mapaja na makalioni ngozi ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Muuza vipodozi mmoja kaniambia sumu imejaa mwilini, ninywe maji ya moto na limau na ninunue krimu yake ya elfu 60. Naona aibu hata kuvaa kaptula nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo elfu 60 kaa nayo kwanza. Hiyo inaitwa selulaiti, sio sumu wala uchafu, na limau halifiki huko.

Ushaona fundi anavyoshona godoro la sufi? Anapitisha uzi toka juu mpaka chini, pale uzi unapovuta panabonyea, sufi inavimba pembeni. Na mwili wetu ndo hivyo hivyo, chini ya ngozi kuna mafuta na kuna nyuzi zinazoishikiza ngozi kwa ndani, kwa wanawake nyingi zimesimama wima, sasa mafuta yanasukuma juu zenyewe zinavuta chini, basi vishimo hivyo. Za wanaume zimepishana kama kimia na ngozi yao ni nene zaidi, ndo maana kwao utaona kwa nadra sana. Wanawake asilimia 80 mpaka 90 wanayo baada ya kubalehe, wembamba kwa wanene, homoni ya kike iitwayo estrojeni inachangia na kurithi pia, kwa hiyo mwangalie mama na mashangazi. Ukinenepa inaonekana zaidi, na umri ukienda ngozi inalegea.

Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na kutembea vinakaza misuli, ngozi inaonekana laini kidogo, ila haiondoki yote nisikudanganye. Krimu zenye kafeini au retinoli (aina ya vitamini A) zinapunguza kidogo tu, ukiacha inarudi. Ninachokuomba sana usipake krimu isiyo na lebo, nyingine zimechanganywa na steroidi, dawa kali hizo, zinafanya ngozi iwe nyembamba na vishimo vinazidi kuonekana, yaani umelipa hela ili uharibike!

Ila paja likiwa jekundu au jeusi kuliko kawaida, limevimba, la moto, linauma na una homa, hiyo sio selulaiti, huenda ni maambukizi ya bakteria, nenda hospitali siku hiyo hiyo.