Ndege iliyolala Kisumu

SWALI: Nina miaka 49 na nimepata leseni ya urubani mwaka huu. Nimeonyeshwa Cessna 172 yenye injini ya Lycoming, imeegeshwa Kisumu miaka miwili. Injini ina saa 600 za kazi tu. Ninunue? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hongera kwa leseni! Ila hizo saa 600 zisikuharakishe. Lycoming nyingi za aina hiyo hufanyiwa ukarabati mkubwa zikifika saa 2,000 au miaka 12, na kinachoziua zaidi ni kukaa bure. Kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko juu ya krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni); ndege ikilala, oili yote hushuka, na unyevu wa ziwa huiacha ikila kutu. Tafuta fundi mwenye leseni, asiye wa muuzaji, ang'oe silinda moja aikague kamshafti kwa macho.

Kisha apime mgandamizo wa hewa katika kila silinda injini ikiwa moto. Hewa huingizwa kwa shinikizo la psi 80 (paundi kwa inchi mraba); silinda isiyoweza kushika 60 ina shida. Sikilizeni hewa inakotorokea: kwenye ekzosi ni valvu, kwenye bomba la kupumulia oili ni ringi za pistoni. Daftari za injini zikikosekana, achana nayo.

Ukiileta Nakuru, mita 1,850 hivi, ruka asubuhi. Jua likipanda hewa huwa nyepesi na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.