Hesabu kwanza, SWOT baadaye: majibu ya maswali yenu

Msimu wa usaili wa shule za biashara, zile zinazotoa shahada ya uzamili iitwayo MBA, umekaribia na simu yangu imejaa ujumbe. Kabla sijaanza, ombi moja: acheni kuita "kesi". Kesi iko mahakamani. Hiki ni kisa: unapewa habari za biashara yenye tatizo, unaulizwa ungefanya nini na kwa nini. Anayetaka kuonekana msomi aseme uchunguzi kifani, simzuii.

Shikamoo. Nimeitwa usaili wa MBA mwezi ujao. Nifanye visa vingapi ndiyo niwe tayari? Rafiki yangu wa Dar amefanya 60. (Chumbageni)

Marahaba. Swali hili limekuja mara ya nne na jibu halijabadilika. Visa 60 vilivyosomwa kitandani ni hadithi za kuletea usingizi. Fanya kumi kwa sauti, mbele ya mtu anayekukatiza, na kila kimoja ukirudie baada ya siku mbili ukianzia pale ulipokwama. Huyo rafiki yako muulize vingapi amevifanya kwa mdomo.

Shule zote za nje zinatoa kisa kwenye usaili? (Raskazone)

Hapana, na barua uliyotumiwa imeeleza. Isome. Nyingi zinakuuliza habari zako wewe: kazi yako, uamuzi uliowahi kuufanya, kwa nini sasa. Harvard wanakuhoji dakika 30, na anayekuhoji ameshaisoma fomu yako yote, kwa hiyo ukijisahau ukasimulia tofauti na ulichoandika, umejifunga goli mwenyewe. Wharton, shule ya Philadelphia huko Marekani, wana majadiliano ya kikundi, watu watano au sita kwa dakika 35, mada mnapewa kabla, halafu kila mmoja anahojiwa kidogo peke yake. Kisa cha hesabu cha ana kwa ana, kile mnachokiona kwenye video, mara nyingi ni usaili wa kazi kwenye kampuni za ushauri kama McKinsey. Wengi mnachanganya hayo mawili, mnajiandaa miezi mitatu kwa mtihani ambao hamtapewa.

Utaniuliza sasa mazoezi ya nini. Kwa sababu ukishaingia, ndiyo chakula chako cha kila siku. Harvard wanafundisha kwa visa tangu miaka ya 1920, na kwenye kozi nyingi karibu nusu ya alama inatokana na unachosema darasani. IESE ya Barcelona ni hivyohivyo, na hapa jirani Nairobi, Strathmore nao wanafundisha kwa visa. Mtu aliyezoea kufikiri kwa sauti anajulikana hata ukimuuliza habari za kijijini kwao.

Mama, sina hela ya kununua vitabu vya visa wala kulipia kozi za mtandaoni. Nijifunzie wapi? (Ngamiani)

Wewe unakaa Ngamiani halafu unaniuliza visa viko wapi!

Hebu toka hapo ulipo, nenda barabara ya 12 jioni, kaa kwenye benchi la mama yeyote anayekaanga mihogo. Agiza sahani, tia chachandu, tazama. Huyo ana malighafi inayooza, ana bidhaa moja kubwa inayopanda bei bila kumuuliza, nayo ni mafuta, ana mshindani hatua kumi kutoka alipo, na ana wateja wanaosema "nitakulipa kesho". Profesa angehitaji kurasa 20 kuyaandika hayo.

Sasa chukua namba, hizi ni za mfano tu. Mkaa, ushuru na posho ya msaidizi ni 15,000 kwa siku, auze asiuze. Sahani anauza 1,000. Muhogo, mafuta na chachandu za sahani moja zinamgharimu 700. Kila sahani inamwachia 300, kwa hiyo sahani 50 za kwanza zinalipa gharama tu. Akiuza 80, faida yake ni 9,000.

Mafuta yamepanda, sahani sasa inamgharimu 800. Wateja ni walewale 80, foleni ni ileile, ukipita unasema mama huyu anatajirika. Lakini sahani inamwachia 200, anahitaji 75 kurudisha gharama, na jioni anabaki na 1,000. Elfu moja, kwa kusimama tangu saa nane mchana mbele ya moto.

Mwaka jana nilimpa kijana mmoja kisa hiki hiki. Kabla sijamaliza kusoma namba akadakia: "Apunguze bei avute wateja, na afungue Instagram." Nikamwambia haya, punguza. Akashusha hadi 900. Nikamwachia karatasi. Akahesabu, akafuta, akahesabu tena, akanyamaza. Kwa 900 sahani inaacha 100, na mama anatakiwa auze 150 ili apate sifuri. Moto una karai moja. Hata akipata wateja wa Instagram wote wa Tanga, atawakaangia wapi?

Akipandisha hadi 1,100 na wateja kumi wakakasirika wakahamia kwa jirani, anabaki na 70, kila sahani 300, anapata 6,000. Si kama zamani, ila ni mara sita ya 1,000. Halafu ndiyo unauliza yanayofuata: jirani naye atapandisha? Maana mafuta yake hayatoki mbinguni. Vipande vikipunguzwa badala ya bei, wateja watagundua lini? Hapo ndipo msaili anapoegemea mbele kukusikiliza.

Kupunguza bei na kujitangaza mtandaoni ni majibu mawili ninayoyasikia kutoka kwa vijana tisa kati ya kumi. Mkiyaona yanakuja mdomoni, yamezeni kwanza mfanye hesabu.

Na mkienda kwa huyo mama msimuulize "mapato yako ni kiasi gani" kama maofisa wa kodi. Kula, lipa, zungumza, siku ya tatu atakwambia mwenyewe.

Nimekariri SWOT, nguvu tano za Porter na P nne. Zinatosha? (Korogwe)

Zinatosha kukuangusha, ukianza nazo. Kwa asiyezijua: SWOT ni viboksi vinne vya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho; nguvu tano za Porter ni mambo matano yanayoibana biashara, kama washindani na bidhaa mbadala; P nne ni bidhaa, bei, mahali na matangazo.

Uko Korogwe, umezungukwa na mkonge, tuutumie huohuo. Ulikuja mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, miche 62 iliyofika hai ikapandwa upande wa Pangani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hata tani elfu thelathini hazikufika. Nimefanya kazi ya uhasibu kwenye shamba la mkonge, najua ofisi yenye madawati 12 na watu wawili inavyokuwa.

Sasa msaili anakwambia: mapato ya shamba yameshuka, kwa nini? Aliyekariri anachora viboksi vinne, anajaza nguvu na udhaifu mpaka muda unaisha. Asiyekariri anauliza: imeshuka bei au imeshuka tani? Akiambiwa zote, anauliza ipi ilitangulia. Swali hilo moja linashinda viboksi vyote, kwa sababu hapa kwetu kila mzee barazani ana mchawi wake. Huyu atakwambia ni plastiki, yule ni kutaifishwa mwaka 1967. Ukitazama tarehe, bei ya dunia ilikuwa imeshaanza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha. Sisemi yaliyofuata kwenye uendeshaji hayakuumiza, yaliumiza, niliyakuta. Nasema asiyepanga tarehe atamsingizia mtu.

Halafu anauliza mnunuzi alikuwa nani. Sehemu kubwa ya mkonge ule ilikuwa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo huko Ulaya na Marekani. Mkulima wa huko alipopata kamba ya plastiki ya bei rahisi, hakuwa na undugu na sisi. Hapo ndipo Porter anapoingia, na hiyo nguvu yake ya bidhaa mbadala aliyoiandika mwaka 1979 inakaa mahali pake yenyewe, wala huhitaji kutaja jina lake. Mwisho anageuka: nyuzi ni asilimia chache tu ya jani, mengine yote yalikuwa yanatupwa. Kule Hale walishazalisha umeme kwa gesi ya mabaki hayo. Je, inalipa? Kwa bei gani ya umeme? Umeona hatujagusa SWOT.

Kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp anauza maswali ya usaili na majibu yake kwa laki mbili. Ni ya kweli? (Makorora)

Hapana. Na akikwambia anaweza kukuandikia na barua ya mdhamini, mfute kabisa kwenye simu. Shule huwa zinawapigia wadhamini, na mimi nimeshapigiwa kumthibitisha mtu nisiyemjua.

Kiingereza changu si kibaya, lakini nikianza hesabu nachanganyikiwa. Nifanye mazoezi kwa Kiswahili kwanza? (Muheza)

Fanya. Mantiki haina lugha. Siku ya kwanza kieleze kisa kwa Kiswahili, kama unamweleza shangazi yako. Siku ya pili kirudie kwa Kiingereza bila kutazama karatasi.

Shida yako naijua ilipo, ni laki. Sisi tunahesabu kwa laki, Waingereza hawana neno hilo. Laki tatu na nusu kwao ni elfu mia tatu na hamsini, na kichwa kikiwa kinageuza hapo katikati, sifuri moja inadondoka. Ukiulizwa Jiji la Tanga lina watu wangapi, kichwani inakuja "karibu laki nne", ambayo ndiyo sensa ya 2022, halafu mdomoni inatoka elfu arobaini au milioni nne. Andika namba yote na sifuri zake kabla ya kuitamka. Kila siku chukua gazeti, tafuta namba kumi kubwa, zitamke kwa Kiingereza kwa sauti. Wiki mbili zinatosha. Majirani watasema umeanza kuongea peke yako, waache.

Kwenye majadiliano ya kikundi mimi ni mpole. Nisipopata nafasi ya kusema je? (Pangani)

Mtu wa Pwani amelelewa kutodakia maneno, na ni adabu nzuri. Lakini dakika 35 zikigawanywa kwa watu sita hazifiki sita kila mmoja. Huna haja ya hotuba. Shika kazi ambayo wapayukaji wanaisahau: tazama saa, jumlisha ("tumekubaliana mawili, limebaki la gharama"), na mvute aliye kimya ("ulitaka kusema kuhusu wateja?"). Hapo umesema mara tatu na hujamkatiza mtu.

Na ninyi wapayukaji, nisikilizeni. Mimi nilipokuwa kijana niliwekwa kwenye kikundi kama hicho, shule siitaji. Niliongea karibu nusu ya muda, nikatoka nimejaa, nikampigia marehemu mama nikamwambia nimepita. Sikupita. Binti aliyekaa kushoto kwangu, aliyekuwa akisema "turudi kwenye swali", ndiye aliyechukuliwa.

Usaili wangu ni wa video. Umeme ukikatika je? Na nivae nini? (Kange)

Simu iwe na chaji na bando, kompyuta ishike mtandao wa simu, na uwaandikie kabla kwamba ukipotea utarudi baada ya dakika tano. Hawali watu.

Linalowaangusha wengi ni saa. Wakikwambia saa tatu asubuhi ya Philadelphia, kwetu ni saa kumi jioni. Ila mwanzoni mwa Novemba wanarudisha saa zao nyuma, na ile saa tatu yao inakuwa saa kumi na moja yetu, katikati ya msimu wa usaili. Hakikisha tarehe yako iko upande gani.

Nguo iwe safi na ipigwe pasi. Na chini vaa suruali ya heshima, si bukta, maana ukitakiwa uinuke kwenda kuwasha jenereta kamera itakuwa bado inatazama.