Picha ya ubongo ikiwa mbaya kuliko mgonjwa mwenyewe

SWALI: Shikamoo Daktari. Kaka yangu ana miaka 46. Alipasuliwa uvimbe kichwani, wakatuambia ni glioblastoma, saratani kali ya ubongo, akapigwa mionzi wiki sita huku akimeza vidonge vya saratani vya temozolomide. Mwezi mmoja baada ya kumaliza, majibu ya MRI yanasema sehemu inayong'aa imeongezeka. Mwenyewe anakula, anatembea, anatania watu. Daktari wake anataka aendelee na vidonge na picha irudiwe baada ya wiki nane. Shemeji ameshamwita dalali auze kiwanja wampeleke India. Hakuna MRI ya kisasa itakayotuambia ukweli leo?
Mdogo mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Dalali asubiri kwanza.

Kinachong'aa si lazima kiwe saratani. Kabla ya picha, kaka yako alichomwa mshipani dawa yenye gadolini. Ubongo una ukuta wake unaozuia vitu vya kwenye damu visipenye ovyo; ukibomoka, ile dawa huvuja na pale panang'aa. Saratani huubomoa. Mionzi nayo huubomoa, hasa ikiambatana na temozolomide, kisha mng'ao huweza kupungua wenyewe bila dawa kubadilishwa. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya kupima mwenendo wa uvimbe wa ubongo, viitwavyo RANO, vya mwaka 2010 viliwazuia madaktari kutangaza ndani ya wiki 12 za kwanza baada ya mionzi kwamba uvimbe umekua, kwa kuangalia mng'ao tu. Labda uwe umejitokeza nje ya eneo lililopigwa mionzi, au kinyama kimepimwa maabara kikathibitisha. Daktari wenu hajawapuuza, anafuata utaratibu.

Vipimo vya kisasa vipo. Kimoja hupima wingi wa damu ndani ya uvimbe: saratani inayokua hujitengenezea mishipa mingi, ilhali sehemu iliyojeruhiwa na mionzi kwa kawaida huwa na damu kidogo. Spektroskopia hupima kemikali, ambapo kolini hupanda seli zinapozaliana kwa wingi. Kingine hufuatilia maji yanavyosogea, maana seli zikisongamana maji hukosa nafasi. Mashine yenu ikiweza kupima wingi wa damu, ombeni. Lakini mara nyingi eneo hilohilo huwa na seli hai za saratani na majeraha ya mionzi kwa pamoja, na namba zikaangukia katikati. Nikiletewa picha za namna hiyo huandika "irudiwe", wala sioni haya.

Kuna mambo mawili ya kuuliza. La kwanza, majibu ya MGMT, jeni inayosaidia seli kujirekebisha zikiharibiwa na temozolomide, kutoka kwenye kinyama cha upasuaji, kama kilipimwa. Wenye MGMT iliyozimwa ndio hasa huonyesha mng'ao huu wa kudanganya. La pili, dozi ya deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo, siku ya kila picha. Dawa hiyo hupunguza uvujaji, hivyo picha ikapendeza na ugonjwa uko palepale. Dozi ikipunguzwa, picha ikaharibika bila uvimbe kukua. Fomu nyingi zinazofika mezani kwangu hazina dozi hiyo, na inaniudhi.

Mkienda kurudia, bebeni CD za picha zote, si karatasi ya majibu peke yake, na ikiwezekana mtumie mashine ileile. Hata huko India wataomba hizohizo. Ila kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akipata degedege au mkono ukilegea, msingoje wiki nane. Mrudisheni siku hiyohiyo.

SWALI: Hujambo Daktari. Mama atapasuliwa uvimbe ulio upande wa kushoto wa ubongo. Akiwa ndani ya MRI walimwambia agonge vidole, kisha ataje wanyama kimoyomoyo. Walikuwa wanampima akili?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Sijambo. La, akili za mama hazikuguswa. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu nyingi yenye oksijeni, na sumaku huitambua tofauti hiyo. Mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba sumaku huweza kutambua tofauti ya oksijeni kwenye damu. Vidole vinaonyesha panapoendesha mkono, wanyama wanaonyesha panapotunga maneno. Kwa watu wengi maneno hutungwa kushoto, kwa hiyo mpasuaji anataka kujua apite wapi.

Ramani hiyo ina kasoro: karibu na uvimbe mishipa huenda isiitikie ipasavyo, mahali pakaonekana pamelala kumbe panafanya kazi. Basi mkiambiwa mama ataamshwa katikati ya upasuaji aongeshwe, msishtuke. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, na ngozi ya kichwa hupigwa ganzi.

Atapigwa picha nyingine ndani ya siku mbili tatu baada ya upasuaji, kabla kidonda chenyewe hakijaanza kung'aa kikachanganywa na mabaki ya uvimbe. Pini za mtandio na hirizi yenye chuma zibaki nyumbani.